Eksi ya Kathiani

Watoto wa Mumbuni walisema Mwalimu anapiga ardhi pasi, na hawakukosea sana. Saa kumi na moja jioni, jua likiwa limepoa, ungemwona akitoka langoni na suti yake ya kahawia ya kufundishia, hedifoni masikioni, mkononi mpini mrefu wenye sahani nyeusi chini. Sahani hiyo aliipeleka kulia, akairudisha kushoto, taratibu, juu ya vumbi la njia. Mashine ikilia, alisimama. Kisha alitamka kwa sauti, bila kuulizwa na mtu: "Msumari. Inchi tatu. Umepinda." Ndipo akachimba. Na kweli, ulikuwa msumari wa inchi tatu, umepinda.

Alikozaliwa sijui, na ukoo wake sikuwahi kuuliza. Mtu aliyekufundisha fizikia miaka minne huwezi kumwuliza alikuwa mtoto wa namna gani. Unaona kama alikuja duniani na chaki mkononi. Alistaafu, nami baadaye nikahamia Mumbuni, mtaa wa mji wa Machakos, nikakuta nyumba niliyopanga inatazamana na lango lake. Mtaa wetu una walimu tele, waliostaafu na walio kazini, lakini ukisema Mwalimu tu, watu walijua ni yupi. Mimi aliniita "wewe wa dawati la nyuma", hata mbele ya mke wangu na watoto.

Ningeweza kumsahau kama tunavyosahau majirani wengine. Nashindwa kwa sababu ya tangi la mama yangu.

Tangi hilo liko nyumbani Kathiani, hatua chache nyuma ya jikoni. Ni la saruji, la kukinga maji ya mvua kutoka paani. Lilijengwa na akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi ambacho leo kinajenga kwako na mwezi ujao kinajenga kwangu. Mchanga wake mama aliubeba mgongoni kutoka mtoni, baba akiwa ameshatuacha. Anayejua kiangazi cha kwetu hahitaji kuelezwa thamani yake. Basi miaka michache iliyopita baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, ambaye shamba lake limepakana na letu, aliamka na habari kwamba tangi limejengwa kwenye ardhi yake.

Babu alipowagawia wanawe wawili shamba, mpima ardhi alisimika vyuma viwili kwenye zege kuonyesha mpaka, kimoja chini barabarani na kingine juu karibu na nyumba. Chuma cha namna hiyo kwetu huitwa bikoni. Ile ya barabarani ipo mpaka leo. Ile ya juu ilifunikwa na udongo ulioporomoka kutoka kwenye matuta, na hakubaki mtu wa kuonyesha ilipokuwa. Naibu wa chifu akatoa uamuzi rahisi: bikoni itafutwe. Ikipatikana ng'ambo ya tangi, tangi ni la mama. Ikipatikana kati ya tangi na jikoni, tangi ni la baba mdogo, na mama atafute pengine pa kukinga maji.

Mama akanipigia simu. "Si yule mwalimu wako ako na ile kitu ya kutafuta vyuma? Mwambie akuje."

Nikamwambia, akakubali. Lakini ili ujue nilimpeleka kwa mama mtu wa namna gani, ngoja kwanza.

Ardhi ya Mumbuni ni chafu, na si uchafu wa kufagia. Kila nyumba iliyojengwa imeacha misumari yake, kila baa vifuniko vyake vya chupa, kila tairi lililochomwa nyaya zake. Mtu akiwasha mashine kama ile hapo kwa mara ya kwanza, italia mpaka atamani kuitupa. Mwalimu aliipata kwa mtu aliyekuwa karibu kuitupa. Bwana huyo alikuwa na hakika kwamba wakoloni walizika dhahabu huko vilimani, akazunguka miezi mitatu, akarudi na gunia la vifuniko vya bia.

Mashine ilikuwa na swichi mbili za kuzungusha, kama redio ya zamani. Ya kwanza Mwalimu aliiita sikio. Ukiipandisha, mashine inasikia mbali chini ardhini, na inasikia kila upuuzi. Ya pili aliiita chujio, na hiyo ndiyo inayoamua metali gani inyamazishwe. Wanaoanza, alisema, hufanya kosa lile lile: hufungua sikio lote kwa tamaa, kisha hufunga chujio lote kwa hasira. Mashine inatulia, nao wanatembea siku nzima kwa raha, wakipita juu ya kile kile walichokifuata. Karatasi inayong'aa ya peremende na pete ya dhahabu hutoa sauti karibu moja. Ukikataa kuisikia ya kwanza, umeikataa na ya pili.

Yeye alipunguza sikio hadi nusu, akaacha chujio karibu wazi, akatembea kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti. Palipolia alipita tena kwa kukata msalaba. Sauti iliyosikika akitoka upande mmoja tu, aliiacha. Nyingine aliipima kwa kuinua sahani shubiri moja kutoka chini, kwa sababu sahani ikiinuka kitu kidogo kinanyamaza, na kikubwa kinaendelea kusema. "Kelele si habari," aliniambia, kwa sauti ile ile aliyonifundishia kanuni za mwendo, ambazo nimezisahau zote.

Mkewe alitamani Mwalimu mwenyewe awekewe swichi hizo. Maana mtu huyu aliyehubiri kupunguza sikio alisikia kila kitu. Alisikia redio ya nyumba ya tatu, akaenda kuwaambia betri zinaisha. Alisikia besi ya kwaya ikishuka kidogo, akageuza kichwa kanisa zima likimwona. Nikigombana na mke wangu kwa sauti ya chini kabisa, kesho yake aliniuliza langoni kama tumeelewana kuhusu ile sofa.

Na alichokisikia alikisema. Mwimbaji mmoja wa kwaya alipoteza pete yake ya ndoa kwenye uwanja wa kanisa, siku tuliyokula pamoja baada ya ibada. Vijana walikuwa wameshakata tamaa. Mwalimu akarudi nyumbani, akaleta mashine, akatafuta tangu chakula cha mchana mpaka vikombe vya chai vikaoshwa. Alichimba karatasi za peremende, vizibo, hata jino la bandia ambalo hakuna aliyelidai. Mwishowe akainuka na pete. Kwaya ikapiga vigelegele. Mwalimu akaifuta kwa leso, akamkabidhi mwenyewe, kisha akaongeza kwa upole, kama anayemsaidia: "Lakini mama, hii si dhahabu. Dhahabu hailii hivyo. Hii ni shaba imepakwa."

Mume aliyeinunua alikuwa amesimama pale pale na sahani ya pilau. Jumapili tatu hatukuwaona kanisani.

Nilimwambia kwamba angeweza kunyamaza, ya dhahabu si kazi yake. Akanishangaa kweli kweli. "Mashine imesema shaba. Sasa mimi niseme nini? Niseme dhahabu?" Shuleni alikuwa hivyo hivyo. Alimpa binti wa mwalimu mkuu alama alizopata, mwalimu mkuu akaacha kumsalimia, naye akachukulia kwamba mwalimu mkuu ana shida ya macho.

Ukweli huo, hata hivyo, ulikuwa na mlango mmoja uliofungwa: Mwalimu hakuwahi kukosea. Kila alichochimba alikiandika katika daftari kubwa la jalada gumu: mahali, sikio lilipokuwa, chujio lilipokuwa, alichotabiri kabla ya kuchimba, na alichopata. Kisha alijisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama alivyotusahihisha sisi. Tiki kama utabiri ulikuwa sawa, eksi kama haukuwa. Nimelipekua daftari hilo mara nyingi nikitafuta eksi. Hazikuwepo. Siku moja alitabiri msumari, ikatoka skrubu. Nikakaa nikiitazama ile kalamu.

"Skrubu ni nini?" akaniuliza.

"Ni skrubu, Mwalimu."

"Skrubu ni msumari umesoma." Akatia tiki.

Siku nyingine alitabiri sarafu ya zamani, akachimbua kifuniko cha kengele ya baiskeli. Alifikiri muda mrefu, akaamua kwamba metali ni ya jamii moja, basi mashine ilikuwa sawa, na kama mashine ilikuwa sawa yeye angekosea vipi? Tiki. Darasani aliwahi kuandika kanuni miguu juu kichwa chini, msichana mmoja akainua mkono kumwambia. Akajibu kwamba alitaka kuona nani yuko macho.

Sheria yake nyingine ilikuwa ya mfuko. Kitu kilichochimbwa, hata kiwe uchafu wa namna gani, kiliingia mfukoni kikaenda kutupwa. Kukirudisha shimoni ilikuwa mwiko. "Ukirudisha, kesho itakudanganya tena," alisema. Sikuwahi kumwona akivunja sheria hiyo, isipokuwa mara moja.

Tulifika Kathiani asubuhi. Mama alimlaki kwa mikono miwili na salamu ya Kikamba. "Wi museo, Mwalimu?" Naye akajibu, "Ni museo, mama." Akaletewa kikombe cha maji ya tangi. Akanywa, akauliza tangi lilijengwa lini na nani. Mama akamweleza habari za mwethya, na mchanga, na mama mmoja wa kikundi aliyejifungua siku ile ile waliyokoroga saruji. Mwalimu akaomba kikombe cha pili. Naibu wa chifu alikuwa ameshafika na majirani kadhaa. Baba mdogo alisimama kando, kofia mkononi, akitazama vilima kama mtu aliyeletwa kuvihesabu.

Mwalimu akawaamuru wote wakae mbali, hatua ishirini, kwa sababu ya simu, funguo na vifungo vya mikanda. Mimi peke yangu niliruhusiwa karibu, wa kubeba mfuko, na mkanda wangu alinivua. Siku hiyo kubwa ya familia yetu niliipitisha nikishika suruali kwa mkono mmoja.

Akawasha mashine. Ililia kabla hajapiga hatua. Ililia kushoto, ililia kulia, ililia mpaka akavua hedifoni. Akachimba: msumari. Akachimba tena: kifuniko cha bia. Tena: msumari mwingine. Akauinua juani.

"Mpya," akasema. "Takataka ya nyumbani iko na kutu. Hii imelala hapa siku ngapi? Mbili?"

Sikuhitaji kuambiwa. Baba mdogo alikuwa amesikia kwamba mashine inakuja, na alikuwa amepanda misumari na vifuniko kuzunguka tangi kama anayepanda maharagwe. Hasira ilinipanda. Nikamwambia Mwalimu afunge chujio, misumari inyamaze yote, tuendelee.

"Misumari ni nini?"

"Ni chuma."

"Na bikoni?"

Nikapandisha suruali.

"Ulikuwa unalala kwa darasa langu," akasema.

Akatoa mkobani sumaku kubwa ya spika ya zamani, akaifunga kamba, nami nikaiburuta juu ya udongo huku na huko kama mtu anayetembeza mbwa asiyetaka kutembea. Kila baada ya hatua tatu ilikuwa imeota misumari. Tukajaza mkebe. Baba mdogo alitazama kwa makini sana mti uliokuwa mbali. Kisha Mwalimu akapunguza sikio chini ya nusu, akainua sahani shubiri nzima kutoka ardhini, akaanza upya, taratibu. Sasa vidogo vilivyobaki vilinyamaza. Kilichobaki kusema kingekuwa kikubwa.

Alianzia ng'ambo ya tangi, kule mama alikoombea. Kimya. Akarudia kwa msalaba. Kimya. Nilimwangalia mama kwa mbali, mikono ameifumbata kifuani, midomo inacheza. Mwalimu akazunguka tangi, akaja upande wa jikoni.

Pale, hatua mbili kutoka kwenye tangi, mashine ililia. Haikulia kama msumari. Ilitoa sauti nzito, ndefu. Akapita kwa msalaba: ile ile. Akainua sahani mpaka karibu na goti, na bado ilisema. Nikangoja atangaze utabiri wake kama kawaida. Hakutangaza. Alitoa daftari, akaandika, akalirudisha mkobani, akapiga magoti na mwiko wake wa kuchimbia. Alichimba mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Kisha akaacha kuchimba, akakaa akitazama shimoni.

"Mwalimu," mama akaita kutoka kule, "ni yenyewe?"

Aliangalia tangi, bomba lake, kikombe alichokunywea kilichokuwa bado juu ya jiwe.

"Ni kifuniko ya soda, mama," akasema.

Akarudisha udongo kwa viganja vyake, akashindilia kwa kiatu. Kisha akaniwekea mfukoni kifuniko cha soda. Kilikuwa kisafi, bila hata chembe ya udongo.

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka pale. Nilijua kutoka kwake mwenyewe kwamba kifuniko cha soda hakiwezi kusikika kwenye goti. Na kabla udongo haujarudi nilikuwa nimeona kona ya zege, na katikati yake kichwa cha chuma chenye kutu. Nikaufunga mfuko. Niseme ukweli sasa kwa kuwa naandika: nilifurahi, kisha nikaona aibu, kisha nikafurahi tena.

Mwalimu aliendelea kutafuta saa nzima baada ya hapo, kwa bidii, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Naibu wa chifu akachoka, akatangaza kwamba kwa kuwa bikoni haikuonekana, mpaka utabaki kama ulivyokuwa ukitumika, na tangi ni la mama. Aliyevuta pumzi kwanza alikuwa baba mdogo. Alikuwa akitabasamu! Ndipo nikaelewa. Baba mdogo hakuamini hata kidogo kwamba ardhi ile ni yake. Alikuwa amejaribu uongo, akaogopa bikoni itamwumbua, akaiziba kwa misumari. Kumbe uongo wake ulikuwa kweli tupu. Angeuamini uongo wake mwenyewe, akasogea kutazama shimoni, angekiona kile chuma na kuondoka na tangi.

Njiani kurudi Machakos nilitaka kumwuliza Mwalimu. Alikuwa amevaa hedifoni, ingawa mashine ilikuwa imezimwa.

Hatukulizungumza tena. Akaendelea kupiga ardhi pasi, akaendelea kusema ukweli unaoudhi, akamweleza mke wangu mbele yangu kwamba ukuta wetu umepinda. Nyakati nyingine nilijiuliza kama niliota.

Mara ya mwisho kuzungumza naye vizuri ilikuwa mwaka jana. Masikio yalikuwa yamekwisha, yeye aliyesikia betri za watu zikiisha. Nilimkuta barazani na suti ile ile, sasa imemzidi mabega. Nilimpelekea parachichi kutoka kwa mama. Mkewe alinipa kiti, akanionya nipaze sauti.

Mwalimu hakutaka salamu ndefu. Mashine ilikuwa imeegemezwa ukutani, na daftari lilikuwa juu ya mapaja yake.

"Chukua," akasema. "Mimi sisikii tena. Wewe hukuwahi kusikia, lakini una miguu."

Nikalifungua daftari kwa mazoea ya zamani. Tiki, tiki, tiki, kurasa kwa kurasa. Skrubu tiki, kengele ya baiskeli tiki. Nikafika Kathiani. Alichotabiri kabla ya kuchimba: bikoni, futi moja na nusu. Alichopata: kifuniko cha soda. Na kando yake, kwa wino mwekundu uliokandamizwa mpaka karatasi ikachanika kidogo, eksi. Katika daftari zima ilikuwa moja tu, na ilikuwa mahali alipokuwa sawa kuliko siku zote.

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Nilikosea," akasema kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia. "Kwani mwalimu hakosei?"

"Mwalimu, mimi niliona."

"Eeh?"

"Niliona!"

"Kumbe kutoka dawati la nyuma mtu anaona ubao," akasema. Kisha akaniinamia. "Yule shemeji ya mama yako. Anachota maji hapo?"

"Anachota! Kila jioni wanaleta mitungi!"

"Hajawahi kunyimwa? Hata kiangazi?"

"Hajawahi!"

Akarudi nyuma kitini, akafumba macho kidogo. Nilielewa kwamba swali hilo alikuwa amekaa nalo tangu siku ile, na hakuwa na mtu wa kumwuliza.

"Basi iache hivyo," akasema. "Siku atanyimwa maji, futa hiyo eksi, tia tiki. Uende na daftari kwa naibu wa chifu, umwonyeshe pale pa kuchimba."

Akatoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa ndani wa suti, akaniwekea kiganjani. Iko mezani hapa ninapoandika, na kila nikienda Kathiani, kabla sijamsalimu mama, natazama kwanza kama mitungi ya baba mdogo imepangwa bombani.